Njoroge, Vyombo Vilikungoja

Mwaka umezunguka, Baba Idah, tangu tukulaze katika mchanga wa Gongoni, nyuma ya nyumba uliyoijenga kwa mikono yako. Oktoba ya 1986 ilitukuta tukikuzika. Hii ya 1987 imetukuta tukikusimulia. Wapita njia bado huuliza, "Hapa ndipo kwa Lundo?" Nasi hujibu ndipo, karibuni.

Machozi tuliyamaliza mwaka jana. Mwaka huu tunataka kukutaja kwa sifa zako. Maana zilikuwako siku ambazo mkeo Nyakio aliogopa kwamba hata kaburi lako atakuwa akilisikia tu kwa mbali, na namna jambo lile lilivyokwisha ni sifa yako wewe mwenyewe, Phineas Njoroge, si ya mtu mwingine.

Ulitoka Murang'a ukiwa kijana, ukaja kuchota chumvi. Kwenu mto ulikuwa wa kuteka maji na kunywesha mbuzi, na samaki mlimhesabu jamaa ya nyoka. Ulipomleta Nyakio, ukampa changu wake wa kwanza apike, alimtia chunguni mzima mzima na magamba yake, kama mtu anayechemsha mahindi. Ukala. Ukawa unayatema magamba pembeni kimya kimya, na ulipoulizwa ukasema ni mtamu. Jirani yetu mama Nyevu ndiye aliyeyaona yale magamba kwenye sahani. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamshika Nyakio mkono, akamfundisha kupara, kupasua, kukaanga na kupaka nazi. Miaka yote iliyofuata, mgeni akisifu mchuzi wa mkeo, wewe ulikuwa ukimwambia, "Ungeuonja wa kwanza."

Bahari ulifundishwa na mzee Kiponda wa Ngomeni, Mungu amrehemu. Siku usizoingia kazini ulishinda kwake, unamtekea maji, unamsukia pakacha, mpaka akachoka kukuona umekaa mchangani, akakwambia panda. Hata kuogelea ulikuwa hujui. Alikufunga kamba kiunoni kama mbuzi wa idi, akakutosa, akakuvuta, akakutosa tena, na watu wakiangalia. Hukuona haya.

Yeye ndiye aliyekueleza kwamba majini hakuna njia wala kibao. Mvuvi akipata mwamba wenye samaki, kesho huutafuta kwa kuangalia nchi kavu. Kitu kimoja kikae sawasawa mbele ya kingine upande huu, na vingine viwili vikae hivyo hivyo upande ule. Vikilingana pande zote, teremsha nanga, upo. Ulifurahi kama mtoto aliyefundishwa kuandika jina lake. Na ulipoupata mwamba wako wa kwanza, wenye changu wa kujaza pakacha, uligeuka ukaangalia bara, ukauona mnazi uliopinda wa mzee Lewa, na nyuma yake lundo la chumvi, jeupe, linametameta kama mabati mapya. Ukaweka alama yako moyoni. Lundo lile ulilijua vizuri. Wewe mwenyewe ulikuwa umelijaza kwa koleo.

Malori yakaja yakalipakia.

Ulipotoka tena ulizunguka na mtumbwi mpaka jua la utosi. Mnazi unauona, lundo hulioni. Ukarudi pakacha tupu, ukamweleza mzee Kiponda yote. Alikusikiliza hadi mwisho, akanusa ugoro wake, akapiga chafya, ndipo akauliza:

"Mwanangu, alama gani hiyo inayopandishwa kwenye lori?"

Pale dikoni, vyombo vinapopandishwa pwani, walicheka mpaka habari ikavuka Marereni. Tangu siku hiyo ukawa Lundo. Watoto wako wakaitwa wa Lundo, na mkeo mama wa kina Lundo. Wewe jina ulilipokea kama kanzu ya kupewa, ukalivaa. Kila aliyekuja kujifunza kwako ulianza naye hapo hapo: chagua alama isiyohama, isiyokatwa kuni, na isiyo mali ya mtu. Mwamba wenyewe uliutafuta mpaka ukaupata, na leo Ngomeni wanauita Mwamba wa Lundo.

Ulipoacha kazi ya chumvi watu walisema mbara amerogwa na maji. Lakini mikono yako ilikuwa imeshajua. Mshipi wa kuvulia uliulaza juu ya kidole cha shahada, hukuukamata kama kamba ya ng'ombe. Ulikuwa ukituambia kwamba changu hudonoa kama kuku, mara moja, mara mbili, akaangalia nyuma. Huyo mvute upesi. Tewa humeza akatulia kama mwenye nyumba. Huyo usimfanyie haraka, mwache aamini kwamba kitu ni chake, kisha mtoe kabla hajaingia pangoni, maana akiingia amekula chambo na ndoana na mshipi wako. Fundo la mshipi ulilitia mate kwanza ndipo ukalikaza. Ngisi wa chambo ulimkata ukanda mrefu na ngozi yake, ukamfunika kwa gunia bichi asipigwe na jua. Na ulisema maji yakisimama, mvuvi naye apumzike, ale muhogo wake. Yakianza kutembea, samaki naye huanza kula.

Taa ya mafuta hukuigusa asubuhi ya kwenda kuvua. Ulisema samaki ana pua kuliko mbwa, na mkono ulionuka mafuta ya taa ni afadhali ubaki kitandani. Kwa hiyo ni Nyakio aliyewasha, akakushikia taa wewe ukakusanya vyombo vyako, na ni yeye aliyeizima ukishatoka. Sabuni pia ulimkataza asikupe. Mikono uliisugua kwa mchanga na mwani. Hata kanisani Jumapili, anayekaa karibu nawe alijua amekaa karibu na mvuvi.

Samaki wa kwanza kuingia mtumbwini hakuwa wako. Alikwenda kwa yeyote aliyeamka hana kitoweo, na mara nyingi alikwenda kwa mama Nyevu alipokuwa hawezi tena kutembea. Nyakio aliwahi kukuuliza kwa nini siku zote wa kwanza ndiye mkubwa. Ukasema bahari ina adabu, inaanza na wageni. Mkeo hakuamini, lakini hakukuuliza tena.

Homa ya mapafu ilipokuchukua, kaka yako Thuku aliletewa habari, akafika na pikapu ya kukodi pamoja na wazee wawili wa ukoo. Hakuja kwa ubaya. Alikaa kitini, akanywa chai, akalia kidogo, kisha akasema alilojia. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa Murang'a, kando ya mama yenu. Mama alimwagiza akiwa kitandani pa mwisho kwamba watoto wake asimwache hata mmoja njiani.

"Mama Idah," akasema, "tumekuja kumchukua ndugu yetu tumpeleke kwao."

Nyakio alimweleza yale uliyomwambia siku ile mkigeuza ng'onda, samaki wa kukausha, pale kichanjani, kwamba ukifa usije ukapakiwa kwenye gari kama chumvi. Mzee mmoja akasema mzaha si wasia. Thuku akauliza kwa upole kama kuna mwingine aliyesikia. Hakuwako. Mlikuwa wawili tu na wale ng'onda.

Mkeo hakubishana. Hajazoea kubishana na shemeji zake, na neno la mama aliyekufa ni zito. Lakini aliingia jikoni kuwapikia wageni akiwa na hofu. Magoti yake unayajua, Baba Idah. Kutoka hapa mpaka Malindi tu humlaza siku nzima. Alijua ukipanda gari lile hatakuona tena. Hatapata hata mahali pa kufagia. Binti yako Idah alitaka kwenda kumjibu ami yake. Mama yake akamzuia. Akamwambia, "Mgeni amefiwa kama wewe. Mpe chakula."

Ikaamuliwa kwamba kesho yake wapitie chumba cha maiti Malindi, wakuchukue, washike njia ya bara. Alasiri Thuku akasema si heshima kuondoka bila kuwashukuru wavuvi. Nyakio, Idah na wale wazee wawili wakamsindikiza Ngomeni.

Bahari ilikuwa shwari siku hiyo, maji mazuri, siku ambayo wewe usingeweza kukaa nyumbani. Lakini vyombo vyote vilikuwa juu. Mitumbwi imelazwa ubavu, mipondo ya kusukumia imesimamishwa, nyavu zimetundikwa kavu, na wanaume wameketi. Hakuna aliyekuwa akishona nyavu wala kupaka mtumbwi sifa, mafuta yale ya papa. Thuku ni mkulima, mtu akikaa mchana humwasha. Akamwuliza Kombe, mkubwa wa diko, kama ni sikukuu.

"Hapana, mzee," Kombe akasema. "Tumefiwa."

"Aliyefiwa ni mimi."

"Wewe na sisi. Mvuvi wa diko hili akifa, hakuna chombo kinachoingia majini mpaka azikwe. Ndiyo ada yetu tuliyoikuta."

Thuku akaitazama tena ile mitumbwi, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa pwani. Akauliza, je, akizikwa Murang'a?

"Basi mtatuletea habari," Kombe akajibu, kwa sauti ile ile, kama mtu anayemwelekeza msafiri njia. "Mkishamfukia, mpeni neno dereva wa basi, litatufikia. Tukilipata tutatoka."

"Na habari ikichelewa njiani? Watoto wenu watakula nini?"

"Mihogo ipo. Lundo hafanyiwi ada nusu."

Thuku akauliza Lundo ni nani. Hakujua, maskini. Kwao wewe ulikuwa Njoroge aliyekwenda pwani asirudi, mtu wa kutajwa kwa kutikisa kichwa. Wakamwambia. Walimpa kisa chote, cha mnazi na chumvi na malori, huyu akikatiza hapa, yule akirekebisha pale, na mmoja akimwigiza mzee Kiponda na chafya yake. Thuku akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike, akafuta macho, akacheka tena. Ndipo wakaanza kumweleza mengine bila kuulizwa. Dena akamwonyesha mguu uliochomwa na miiba ya samaki tafi, ukavimba, nawe ukamshika kwa nguvu ukautia kwenye maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia, mpaka sumu ikalegea. Menza akasema wewe ndiye uliyemnyang'anya bunju, samaki wa sumu, aliyekuwa ameshamtia chunguni, ukammwaga pamoja na mchuzi, wakaacha kusemezana mwezi mzima, na leo ana wajukuu. Kila mmoja alikuwa na chake.

Nyakio alikuwa amekaa juu ya gogo. Alikuwa akimtazama shemeji yake usoni tu.

Thuku akawageukia wale wazee wawili, akazungumza nao kwa Kikuyu, polepole. Walibishana naye kidogo. Yule wa wasia akamkumbusha neno la mama. Thuku akamjibu, na jibu hilo mkeo alilisikia lote:

"Mama alikataza tusimwache njiani. Huyu hayuko njiani. Watu wamemfungia bahari. Kule kwetu, niambie, ni shamba gani moja litakaloacha kulimwa kwa ajili yake?"

Thuku akaja mpaka pale kwenye gogo, akachuchumaa mbele ya Nyakio kama mdogo, ingawa yeye ndiye mkubwa wenu wote, akasema, "Mama Idah, nionyeshe pa kuchimba."

Kesho yake pikapu ikakuleta kutoka Malindi, na wavuvi ndio waliochimba. Mchanga wa Gongoni huporomoka, wakaushika kwa mbao za mitumbwi mikuukuu. Mchungaji akaomba, na ndugu zetu Waislamu wakasimama kando vichwa vimeinama, na mama Nyevu akabebwa juu ya kiti ili akuone. Thuku alitupa konzi ya kwanza. Maji yalipofaa, vyombo vikatoka. Mapakacha yaliyorudi jioni ile hayakufika sokoni, yaliishia uani kwetu, na hakuna aliyeondoka bila kushiba.

Ya huko bara tumeyapata kwa mkewe Thuku, aliyekuja kututembelea mwaka huu. Anasema pikapu ilipofika, ukoo mzima ulikuwa umekusanyika kwenye lile kaburi lililo wazi, wanawake wameshaanza nyimbo. Wakatazama nyuma ya gari, hakuna kitu. Wakamwuliza ndugu yake yuko wapi. Thuku akateremka, akavua koti, akachukua jembe akaanza kurudishia udongo kwenye shimo. Alikuwa ameshafika nusu ndipo akawajibu:

"Tumemzika kwao."

Wanaokukumbuka ni mkeo Nyakio. Watoto wako Idah, Joram na Easter. Wajukuu zako wote wanaojua kutia fundo mate. Kaka yako Thuku na ukoo wote wa Murang'a. Mama Nyevu, jirani. Na Kombe, Dena, Menza na wavuvi wote wa diko la Ngomeni.

Lala salama, Lundo. Maadamu tuna vinywa, tutakutaja.