Ssenga wa Kampuni

Jumatatu, 6 Machi 1995. Jinja.
Chai tena. Wateja wameingia, Colin akanitazama, nikainuka. Colin, mshauri mwenzangu, katoka chuo Uingereza juzi tu, hata jua halijambabua. Mmoja wao, meneja wa kiwanda, akaniuliza kazi yangu. Nikasema, "Mshauri." Wanaume wakacheka mpaka wakakohoa. "Aa, ssenga!" Yaani shangazi anayemfunda bibi harusi mambo ya chumbani. Sasa hata askari wa getini ananiita ssenga. Nimeudhika.

Alhamisi, 9 Machi.
Jana sikukuu ya wanawake. Nimeshinda ofisini nikipiga taipu ripoti ya kinu cha kahawa cha Mbale. Kazi yangu, tangu neno la kwanza. Leo mkurugenzi wetu, Mzungu mwenzake Colin, kaamua Colin ndiye ataisoma mbele ya bodi. Ati wazee wa Mbale hawatamsikiliza mwanamke mweusi. Mimi, mzaliwa wa Mbale! Nikamkabidhi Colin karatasi kwa mkono wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, 12 Machi.
Kiongozi mpya wa mradi amefika kutoka Nairobi. Kwenye faksi aliandikwa R. Salim, basi mkurugenzi akakaa barazani kwake akimngoja bwana. Kumbe ni Bi Rukia, mama wa Mombasa, mfupi, kajitanda mtandio. Askari akamwelekeza jikoni. Akaenda! Nimemkuta anakula muhogo na mpishi. Mkurugenzi alipotambua, uso ukamwiva. Bi Rukia akamaliza muhogo wake kwanza. Sijapata kuona mtu asiye na haraka ya kuheshimiwa namna ile.

Jioni akauliza ripoti ya Mbale kaiandika nani. Nikasema ni mimi. Akasema, "Haya." Basi.

Jumatano, 15 Machi. Mbale.
Leo ndiyo siku ya bodi.

Mwenyekiti wa bodi ni meja mstaafu. Kamketisha Colin mbele, mimi na Bi Rukia karibu na mlango. "Nyinyi wamama, leteeni sisi chai. Muzungu atasema." Colin akasimama na karatasi zangu. Bi Rukia naye akasimama, akachukua birika, akamimina kikombe baada ya kikombe. Nikataka kulia. Alipomfikia Colin akampa birika, akazitwaa karatasi, akaniletea. "Mimi ndiye kiongozi wa kazi hii. Aliyeandika ni Zaina. Zaina atasema." Kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kumbe inawezekana.

Mjumbe mmoja, aliyekuwa na wale wateja wa Jinja, akanitambua. "Si ssenga wa Jinja huyo?" Wakacheka. Halafu sijui neno hili lilitoka wapi:

"Ndiyo, wazee. Mimi ssenga. Ssenga huitwa kwa yale ambayo mama mzazi anaona haya kumwambia binti."

Walitaka tuwashauri wawafukuze wanawake wanaochambua kahawa. Nikawaambia wale ndio wanaokilisha kinu. Mzigo ni wale wakubwa wa ofisini, ambao ni wengi kuliko mashine. Nikataja cheo kimoja kimoja, wenye vyeo wakiwa mbele yangu. Meja akanitazama mpaka nikajua nafukuzwa.

"Afande ssenga," akasema, "endelea."

Afande! Mwanajeshi, kwangu mimi! Hakucheka mtu. Colin alikuwa bado kashika birika. Allahu akbar, siku ya leo.

Ijumaa, 17 Machi. Jinja.
Bi Rukia amerudi Nairobi. Nilimuuliza kama hakuudhika kule jikoni. "Niliudhika sana, mwanangu. Lakini muhogo ulikuwa mtamu."

Ripoti imetoka na jina langu. Colin kaniletea chai, maji matupu. Nimeinywa yote.

Jioni nikiwa natoka, askari wa getini akaangalia nyuma yangu. "Ssenga, bosi iko wapi?"

Nikamwambia yuko hapa, mbele yake. Akaangalia nyuma yangu tena. Nikangoja. Akafungua geti.