Vikombe vya Wageni

Mugoma, Jumapili jioni

Bado anakinywea kile cha plastiki! Leo Mama amemimina chai ikiwa inatokota, kikombe kikalegea na kupinda mkononi mwake. Chai yenyewe inanuka plastiki. Nikamuuliza viko wapi vile vya bati nilivyomletea kutoka Ngara mjini.

"Viko kabatini, mwanangu. Vile ni vya wageni."

Nimemweleza tena kwamba plastiki ikipata moto hutoa kemikali, nazo zinaishia tumboni mwake. Amecheka tu. "Hiki nimekinywea miaka yote. Kimeniua?"

Nimechoka kusema. Naogopa pia.

Maana najua vile vya bati vitatolewa lini. Uani patajaa wageni, chai ya msiba itachemka, na mimi ndiye nitakayewamiminia.