Vali Inang'aa Mno

Alhamisi, 19 Februari 2015
Gari la dada Nieves linazingua. Ukiliacha linaunguruma bila kukanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, unashuka, unapanda. Likazima kwenye taa nyekundu, nguo zake zote za kuuza mnadani ziko ndani! Nimelipeleka kwa Grover, fundi wa mtaani kwetu hapa El Alto, Bolivia. Kapulizia dawa kwenye mipira ya injini, atafute inapovuta hewa. Hakuna. Akang'oa vali ya hewa, eti anaenda kuisafishia nyumbani. Nyumbani kuna nini? Gereji si hii hapa!

Ijumaa, 20 Februari
Karudisha vali. Inang'aa mno. Yetu ilikuwa nyeusi tii, ina mkwaruzo. Nikaikodolea macho.
"Vipi dogo, unataka kuichumbia?" Grover huyo.
Gereji nzima ikacheka. Nikashindwa kuuliza. Na mshale bado unapanda, unashuka.
Kaibadilisha. Najua.

Jumamosi, 21 Februari
Nimemwambia dada. Nilitaka aniulizie tu. Yeye kasimama katikati ya barabara, anapayuka — Grover mwizi wa vipuri! Wateja wawili wakaondoa magari yao. Grover kasema ni vali yenu hiyo hiyo, mama, nimeiosha kwa petroli. Nani amsikilize.

Jumatatu, 23 Februari
Nimeifungua vali mwenyewe, hapa nyumbani. Mkwaruzo upo. Upande wa chini.
Nikavuta mpira mdogo unaopeleka hewa kwenye vali — vikaratasi! Vyekundu, vya njano, vimegandana kwa bia. Vya Jumanne ya Kanivali, siku ya kubariki magari. Wenzangu walimwagia bia na kurushia vikaratasi matairi na boneti, basi. Mimi nililegeza bomba la hewa, nikamimina na kurusha ndani, baraka zifike kwenye injini. Hakuna aliyeniona.
Nimevitoa. Mshale umetulia tuli.
Sasa Grover yuko getini na mwenyekiti wa mtaa. Anataka vali itolewe mbele ya watu. Dada kasikia injini imetulia, ndio kapata la kusema: "Si mnaona? Kaogopa, kairudisha yetu kimyakimya! Dogo, toka umwambie usoni!"
Naandika humu garini, milango nimejifungia. Vikaratasi viko mfukoni. Dada anagonga kioo.
 Grover ananitazama mimi tu —