Udongo Niliokataa Mlangoni

Mama,

Leo jua la Butembo limechelewa kutoka, nami nikasinzia kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanangu Katungu hapa hospitalini. Nimekuona ukipepeta unga wa muhogo uani, unga unapanda taratibu, unajaa mji mzima hadi siwezi kukuona tena. Nilipoamka nilitaka kukupigia nikusimulie. Simu ilikuwa tayari mkononi ndipo nikakumbuka kwamba umezikwa Kalunguta, na mimi binti yako wa kwanza sikuwepo.

Unajua kwa nini, lakini acha nikwambie, maana kukwambia mambo nimezoea. Kansa ya damu ya mjukuu wako ilikuwa imeanza kusalimu amri, ila dawa zake zilimwacha bila askari mwilini. Homa ikaja, ikagoma kushuka. Daktari akasema kuvu imeingia mapafuni, ileile inayokaa kwenye vumbi, majani makavu na udongo, ambayo sisi wazima tunaivuta kila siku bila habari. Ndiyo maana alikuzuia siku ile uliyofika moja kwa moja kutoka kwenye kinu, kitenge cheupe kwa unga. Ulinuna kweli. "Unga yangu inaua nani?" ukamuuliza. Kisha ukaenda kusimama nje ya dirisha, ukamwimbia Katungu nyimbo za kwaya yako kupitia kioo. Sisi tuliona mdomo tu. Katungu alicheka hadi akakohoa.

Dawa ya kuvu ndugu yangu Kambale aliifuata Beni, akarudi nayo nyuma ya pikipiki, amekumbatia sanduku la barafu kama mtoto mchanga. Ni ya njano. Inashuka kwenye mpira tone kwa tone, na mtoto anatetemeka kwa baridi mpaka meno yanagongana. Ilikuwa inashuka hivyo walipopiga simu kusema umekufa. Ningemwacha, nani angemshika? Nilibaki. Mama, niliumia.

Baada ya mazishi Kambale akaja na fundo la kitenge. Nilijua kabla hajafungua. Kwetu mtoto ambaye hajamtupia mzazi wake udongo ni kama hajamuaga, naye ndugu yangu hakutaka nibaki hivyo.

"Masika, nimekuletea udongo ya mama. Hapana mutu atasema haukumuzika."

Udongo wa kaburi lako, bado mbichi, mlangoni mwa chumba cha Katungu. Nikaweka mikono nyuma. Nikamwambia aurudishe nje.

"Unakatala mama?"

Nikakataa, ndiyo. Alishuka uani, akaumwaga polepole chini ya ua wa miti, akitaja jina langu. Nilimtazama kutoka dirishani. Hakupanda tena kuniaga, na tangu hapo ananijibu kwa mkato.

Sasa homa imeshuka. Picha ya mapafu imeanza kusafika, na daktari anasema tutaendelea na vidonge nyumbani, ila shambani na kwenye kinu Katungu asikaribie kwanza. Mashavu yamerudi. Alikuwa anauliza wewe, bibi yake, Koko wake, utakuja lini, na jana nimemwambia ukweli. Hakulia. Aliuliza kama huko uliko wanakuruhusu kuingia na unga. Nikalia mimi.

Lala, Mama. Nitakuja Kalunguta peke yangu, na mtoto nitamwachia Kambale, maana hilo nikimwomba hatakataa, hata akiwa bado amenuna. Nitapiga magoti, niingize mikono yote miwili kwenye udongo wako, niiache humo mpaka nichoke. Kisha nitanawa vizuri, hadi chini ya kucha, nibadili kitenge, ndipo nirudi kumshika mwanangu.

Masika wako