Kuhusu Shangazi Aliyeonekana Kwenye Mtandao wa Jengo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Waya, ndilo ninalojulikana nalo. Umri: miaka 34. Kazi: fundi wa kompyuta. Makazi: kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Nimeonywa kusema kweli tupu, nami nimekubali.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa saba mchana, nilikuwa kliniki ya meno, ghorofa ya pili, nikimwandalia daktari mtandao mpya. Nilifuatana na Shangazi, kwa kuwa jino lilikuwa limemnyima usingizi, naye akatunyima sisi wote.

Kabla ya kugusa vifaa vya mteja, huwa najaribu kwanza kwenye kompyuta pepe. Afande ameniuliza ni kitu gani. Ni kompyuta isiyo na umbo, inayoendeshwa ndani ya kompyuta yangu, kama mtu anavyoota yuko kazini kumbe amelala kwake. Unaiwasha kwa kuandika amri, na kwenye amri unaongeza maelekezo: itumie kumbukumbu kiasi gani, iitwe nani, iunganishwe na mtandao upi. Kazi ya hii ilikuwa kuzigawia kompyuta nyingine anwani, yaani namba ambayo kila moja hutambulikana nayo mtandaoni. Niliipa jina SHANGAZI.

Kuiunganisha kuna njia mbili. Moja inaifungia ndani, isionekane na mtu. Nyingine inaitoa nje, ikae na kompyuta za jengo zima kama mwenzao. Nilikusudia ile ya kuifungia. Nikaandika ile ya kuitoa, kwa sababu wakati huo Shangazi, huyu wa damu, alikuwa ananiuliza kwa mara nyingine kama sindano ya ganzi inauma. Kisha nikaenda dukani kununua waya.

Niliporudi, intaneti ilikuwa imekatika jengo zima. Kiti cha mgonjwa kilikuwa kitupu na daktari amesimama na koleo mkononi.

"Wamemchukua," aliniambia. "Na nilishamchoma ganzi."

Alinieleza kwamba wakili wa ghorofa ya tatu alikuwa na rufaa ya kutuma mahakamani kwa mtandao kabla ya saa kumi, la sivyo mteja wake angepoteza nyumba. Msimamizi wa jengo alipoangalia vifaa vilivyomo mtandaoni, akaona mgeni aitwaye SHANGAZI anagawa kwa kila mtu anwani za majaribio, zisizofika popote. Akapita mlango kwa mlango akimuulizia. Dada wa mapokezi akamjibu kwa nia njema kabisa, "Shangazi yuko ndani, kwenye kiti." Wakili na msimamizi wakamleta hapa kituoni.

Nilimkuta kwenye benchi, shavu limelala upande mmoja. Hakuweza kutamka neno likaeleweka. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona hivyo. Wakili alikuwa anamwambia, "Mama, nakuomba, achia tu hizo anwani." Shangazi alijibu kitu kirefu. Afande aliandika kwamba anakana.

Nilisema, "Afande, Shangazi wako wawili. Mwenye makosa ni yule mwingine."

"Yuko wapi?"

"Ndani ya kompyuta yangu."

"Amejificha?"

"Hapana. Nilimtoa nje mimi mwenyewe, bila kujua."

Tulikwenda na Afande kwa gari la wakili. Nikaizima SHANGAZI, nikaiwasha upya kwa ile njia ya kuifungia ndani, kisha tukapita kila ofisi kuzima kompyuta na kuziwasha, ili zipate anwani za kweli. Rufaa ilikwenda saa kumi kasoro dakika nne. Wakili alikaa sakafuni na suti yake, akafuta macho. Msimamizi akamletea maji.

Tuliporudi kituoni ganzi ilikuwa inaisha. Shangazi aliuliza kwa nini mashine ile niliipa jina lake. Nilijibu kwamba ni kwa heshima. Afande alinikumbusha kwamba nimeonywa kusema kweli. Nikasema ni kwa sababu ikiamka tu, inaanza kumpangia kila mtu pa kukaa.

Shangazi alimwambia Afande aandike hilo neno kwa neno.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na kuyaona, nimeyatoa kwa hiari yangu.

(Sahihi) Fundi Waya

Maandishi ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi. Nimemsomea na shangazi yake, kwa ombi lake, mara mbili. Mlalamikaji ameondoa lalamiko. Shahidi ameomba alale mahabusu usiku wa leo. Nimemweleza kwamba hana kosa, aende nyumbani.