Unga Umetoka Kijivu

Naseeb rafiki yangu, nimefukuzwa kazi. Sasa hivi, mbele ya wanunuzi!

Ule unga mweupe wa silika, wa kutengenezea matairi, tunaoupata kwa kuchoma pumba za mpunga, umetoka kijivu. Mnunuzi mmoja kausugua kidoleni, akacheka: "Hii silika au majivu ya jikoni?"

Unajua bosi Kipkoech kajibu nini? "Muulize mzee, mchomaji ni yeye." Kisha akanigeukia: "Kesho usirudi hapa."

Mimi! Naseeb, mimi!

Si yeye aliyetukataza kuosha pumba kwa asidi kabla ya kuchoma, eti asidi ghali? Nilimwambia weusi utabaki ndani. Akaniuliza, "Mzee, wewe umesoma wapi?"

Na leo nikavua glavu zangu, nikaondoka. Wallahi, nikaondoka tu.

Eish. Tangu tumzike mke wangu Fauzia, lile tanuri ndilo lilikuwa linanitoa kitandani. Kesho niamkie nini?