Maji ya Kisima Niliyoyatia kwenye Rejeta

Unyambwa, Singida
Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua huanza na habari za afya, lakini nikianza na hizo nitaishia hizo hizo, kama ninavyofanya kwenye simu. Kwa hiyo natanguliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: injini ya gari la baba mdogo imepasuka kwa sababu yangu. Na nilipoulizwa, nilidanganya.

Sasa naweza kukusalimu vizuri. Mgongo wako unaendeleaje? Alizeti mmemaliza kupura? Mimi mwili ni mzima, nakula nashiba. Ila siku nyingine inafika jioni nagundua sijasema chochote zaidi ya shikamoo na abee. Majirani wanaongea Kinyaturu, naokota neno moja moja tu, na mama mdogo anashinda dukani. Nikimaliza kazi nakaa mlangoni. Kuna mama wa nyumba ya pili anacheka kama wewe. Namsikiliza.

Nilipofika hapa baada ya mtihani, baba mdogo alinipa kazi ya asubuhi: kuosha gari lake la abiria, lile linalokwenda Issuna, na kujaza maji kwenye rejeta kabla dereva, Kaka Hamisi, hajaja kulichukua. Alinionya nitumie maji ya bomba tu, maana ya kisima cha nyuma ya nyumba yana chumvi. Lakini bombani kuna utaratibu wake. Watu hawasimami foleni, madumu ndiyo yanayosimama. Ukifika lazima uulize kwa sauti dumu la mwisho ni la nani, mwenyewe aitike, ndipo uweke lako nyuma yake. Asiyeuliza hana nafasi. Mama, sikuweza kuuliza. Niliweka dumu langu kimya, likasogezwa pembeni, likasogezwa tena, mpaka jua likapanda. Mama mmoja akasema, "Mpisheni bibi harusi, leo hajaruhusiwa kuongea." Wakacheka wote. Hawakuwa na ubaya, lakini sikurudi tena. Nikawa nachota kisimani. Niliona maji ni maji, mbona mbuzi wanayanywa.

Ikapita miezi. Wiki iliyopita gari lilichemka njiani likitoka Issuna, limejaa abiria na kuku wao. Kaka Hamisi alisimama mara tu alipoona mshale wa joto umepanda, akawashusha watu, lakini ilikuwa imeshachelewa. Likavutwa mpaka nyumbani, na fundi akaja kuifungua injini pale uani. Mimi nilimshikia beseni la kuwekea nati. Alipoitoa pampu ya maji, mapanga yake yalikuwa yameliwa yakabaki vijino, na ndani kuna ukoko mweupe mgumu. Akasema pampu ilikuwa kuukuu, ila chumvi ndiyo iliyoimaliza, na ilipoacha kusukuma maji injini ikaungua. Kisha akapitisha kidole kwenye bloku, kile chuma kikubwa kinachobeba injini nzima, akamwonyesha baba mdogo ufa. Alisema hapo hapachomeleki, itafutwe injini nyingine. Baba mdogo akakaa juu ya tairi.

Kisha akamwambia Kaka Hamisi, aliyekuwa amesimama pale, kwamba amekuwa akijazia maji ya visima vya njiani. Kaka Hamisi akakataa.

"Mzee, mimi sijazii. Kila asubuhi nalikuta limejaa."

"Kwa hiyo ni huyu mtoto? Huyu hata kuku anawapisha."

Fundi akacheka. Kaka Hamisi hakucheka. Akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, yale maji ulikuwa unachota wapi?"

Nikamjibu, "Bombani."

"Haya," akasema. Akampa baba mdogo funguo, akaondoka kwa miguu. Ameambiwa asirudi, na stendi wenye magari wameshasikia kwamba yeye anaua injini. Hakuna anayetaka kumpa gari. Ni mtu aliyekuwa akiniaga kila asubuhi hata kama sikuitikia.

Tangu siku hiyo naenda bombani, ingawa gari halihitaji maji tena. Jana nilifika, sauti ikanikwama kama kawaida. Mke wa Kaka Hamisi alikuwepo, ana mtoto mgongoni. Akalichukua dumu langu, akaliweka nyuma ya lake, akawaambia wenzake, "Hili ni la huyu binti, ana haya, msimnyang'anye nafasi." Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai. Mama, nilijaza maji nikarudi, nikalia jikoni mpaka ugali ukaungua.

Jumapili baba mdogo akitoka kanisani hukaa uani peke yake. Nitamwambia hapo hapo, kisha nitamwomba anipeleke kwa Kaka Hamisi nikamwambie na yeye, mkewe akisikia. Nimeshajaribu maneno kule kisimani pasipo watu: "Baba mdogo, ni mimi." Yanatoka. Akisema nirudi nyumbani, mtaniona.

Msalimie bibi, mama yake baba, mwambie sweta lake nalivaa. Msalimie mdogo wangu Eliya, aache kupanda juu ya ghala, na mjomba Yona, mwalimu wa kwaya. Barua hii nitampa kondakta wa basi na kumwomba akukabidhi wewe mwenyewe, maana simu ya nyumbani huwekwa sauti kubwa na kila mtu anasikiliza. Baba msalimie sana, lakini haya usimwambie. Akijua atapiga simu siku hiyo hiyo kuniombea msamaha, na baba mdogo atakuwa ameyasikia kwake kabla ya kuyasikia kwangu, nami nitakuwa nimenyamaza tena. Nakuomba sana mama, mpaka Jumapili ipite, asijue mtu.

Mwanao anayekukumbuka,
Tabitha